Sinema Bila Redio

Bwenini, ghorofa ya juu
Tarehe 3 Machi

Kaka Redio,

Mimi mzima, ila kidole cha shahada kimefungwa bandeji. Mashine za huku zinakimbia kuliko akili yangu, na mkufunzi wetu ni mtu wa kununa. Ukikosea hasemi kitu, anakuja anazima mashine yako na kukuacha umekaa kama mgeni asiyekaribishwa. Mafunzo yanakwisha mwezi wa tisa, ndipo nirudi kiwandani niwafundishe wenzangu kushona kwa mashine hizi, Mungu akipenda wasiniulize maswali magumu. Hayo tuyaache. Nimekaa kuandika kwa sababu ya sinema.

Jumapili bweni linafungwa asubuhi ili lisafishwe, na sisi tunatolewa nje wote, mvua inyeshe isinyeshe. Jana ilinyesha. Mimi na mwenzangu wa chumbani, mama mmoja tunayemwita Miwani, tukaingia jumba la sinema kukwepa kulowa. Hata sikuuliza wanaonyesha nini. Taa zikazimwa, akatokea farasi mweupe anakunywa maji, na nyuma yake yule mzee wa ndevu. Kaka, nusura nipige vigelegele. Ilikuwa sinema yako! Ile ya vita vya zamani, ambayo mtaa mzima unaijua kwa moyo kutoka mdomoni kwako. Nikamkamata Miwani mkono, nikamwambia hii mimi naijua, kaka yangu ndiye anayeisimulia kwenye ukumbi wa video nyumbani; anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, wale wanaongea lugha yao, yeye anatupa kwa Kiswahili. Akaniuliza huyo kaka yako lugha ile amejifunzia wapi. Nikamwambia hajajifunza popote, anaangalia tu midomo na kutunga. Tukacheka wote wawili.

Huku msimuliaji hakuna. Watu wamekaa kimya mpaka unasikia mtu akimeza mate. Askari wanasema lugha yao, na chini yanapita maandishi ya lugha ya hapa, na mimi zote mbili siambulii kitu. Miwani ndiye anayeielewa ile ya askari; alifanya kazi za ndani kwa watu wa lugha hiyo mpaka watoto wao wakawa wanamwita mama.

Tukafika mtoni. Unapajua. Mzee Ndevu anapita mbele ya mstari wa vijana, anaita, ananyamaza, anaita, ananyamaza. Nyumbani ndipo wewe unaposema, "Nani atavuka mto nami?" na ukumbi mzima unaitikia "Nipo!" Kila akinyamaza, "Nipo!" Mabenchi yanatikisika, na mdogo wetu Kitinda anapanda juu ya benchi kabisa. Sasa mimi nimekaa pale ugenini, Mzee Ndevu akanyamaza, na mdomo ukanitoka wenyewe. "Nipo!" Kwa sauti, katika jumba lile. Watu wakageuka. Mwanamke wa mbele yetu alikuwa analia, akanitazama kama nimemtemea mate.

Miwani akaniinamia. Akasema, "Unaitikia nini wewe? Anaita majina ya waliokufa jana."

Ndiyo maana hakuna anayemjibu, kaka. Ndiyo maana mstari una mapengo, yale mapengo ambayo wewe ulituambia ni nafasi za mashujaa watakaojitokeza. Anaita jina, anangoja, hakuna mtu. Anaita jingine. Na sisi miaka yote hii tunaitikia kwa niaba ya maiti, tunapiga na makofi. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Halafu sinema ikaendelea. Wewe unafunga pale bendera inapopepea, unasema wakarudi nyumbani mashujaa, tunatoka. Kumbe pale ni nusu! Mwenye ukumbi alinunua kanda ya kwanza tu, ya pili hatujawahi kuiona. Katika hiyo nusu wanavuka mto, wanarudi wachache sana. Yule kijana mpiga ngoma, kipenzi cha Kitinda, anafika kwao, na mama yake anamkaribisha maji kama mpita njia. Hamtambui. Anakunywa, anashukuru, anaondoka zake. Inaishia hapo.

Kaka, mama ameniandikia kwa mkono wa mwalimu jirani kwamba Kitinda ameanza kukimbia kila asubuhi, na anasema jeshi likija kuchukua vijana wa kwenda mpakani yeye atakuwa wa kwanza. Mimi akinisikiliza ni kwa adabu tu. Wewe ndiye anayekuamini. Kaa naye umweleze ulivyoitunga. Mwambie hujui hata neno moja la lugha ile. Utaona haya siku moja, basi, yatakwisha.

Dada yako,
Fundi


Nyumbani
Tarehe 15 Machi

Fundi, mdogo wangu,

Nimecheka mpaka mwenye ukumbi akaja kuangalia kama nimepagawa. Yaani umepanda gari, ukapanda ndege, ukavuka nchi za watu, kwenda kuitikia "Nipo" katikati ya wageni! Ningetoa mkono wangu mmoja nikuone sura ulivyokuwa.

Pole ya kidole. Sasa tuje kwenye kesi yangu, maana umeniandikia kama hakimu. Hebu niambie, nani asiyejua kwamba Redio anatia chumvi? Hapa mtaani hata wendawazimu wanajua. Juzi kwenye ile sinema ya mapanga nilimfufua bwana harusi kwa sababu watazamaji walinuna, na waliomwona akikatwa shingo ndio walioshangilia kuliko wote. Watu hawaji kwangu kujua wale wa kwenye kioo wamesema nini. Wanakuja kusikia Redio atasema nini. Nikikaa pale mtoni nikawasomea majina ya marehemu, wiki ijayo nitamsomea nani? Mabenchi?

Na Kitinda usimkuze hivyo. Anakimbia asubuhi kwa sababu kuna binti wa fundi viatu anafagia nje kwao saa ile ile. Mimi nimepita njia hiyo nikaona kwa macho yangu. Niachie mimi, nitazungumza naye nikipata wasaa, ila si kwa kumtisha. Ukimtisha kijana wa umri ule ndiyo umemsukuma.

Mama hajambo, miguu yake ni ile ile. Anakusalimu na kuuliza kama huko kuna baridi.

Nami nina la kufurahia, kama bado unaruhusu watu wafurahi. Nimealikwa kusimulia hadharani, uwanja wa mpira, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kioo kikubwa kama ukuta wa shule, na spika za kufa mtu. Sijawahi kushika kipaza sauti mbele ya umati kama huo. Niombee koo.

Ile kanda ya pili usinitajie kwa watu. Mwisho wangu umekaa vizuri.

Kaka yako,
Redio


Bwenini
Tarehe 9 Aprili

Redio,

Leo sikuiti kaka.

Barua ya mama imefika. Mwalimu jirani anaandika herufi nzuri, lakini safari hii zimetetemeka, nadhani mama alikuwa anasema huku analia na yeye anaandika hivyo hivyo. Kwa hiyo waliokualika uwanjani ni jeshi. Ulinijaza spika na kioo kama ukuta wa shule, ukamnyamazia aliyekualika. Wewe hukusahau, kwa sababu wewe husahau kitu. Ulinizunguka.

Mama anasema malori yalikuwa yameegeshwa nyuma ya kioo tangu mchana, na meza ya maafande pembeni, imetandikwa kitambaa. Anasema ulisimulia siku hiyo kuliko siku zote, hata wazee waliokaa kwenye uzio walisimama. Mlipofika mtoni uwanja mzima ukaitikia "Nipo", ukaitikia tena, na hapo hapo sinema ikasimamishwa. Afande akakunyang'anya kipaza sauti. Akasema, "Waliosema nipo, wapite upande huu."

Wakapita, Redio. Watoto wa watu wakajipanga mstari wakicheka, na Kitinda wa kwanza, kwa sababu alikuwa amekaa mbele kabisa apate kukuona. Mama akakimbia kutoka kwenye uzio, kiatu kikamtoka, hakufika. Wakamwambia mama, kijana wako ni mtu mzima na ameitikia mwenyewe.

Nilikuandikia mapema. Ulikuwa na wasaa wa kutosha. Sitaki hadithi ya afande, sitaki hadithi ya binti wa fundi viatu. Ulimwambia Kitinda ukweli wa ile sinema, au hukumwambia? Nijibu neno moja.

Fundi


Nyumbani
Tarehe 20 Aprili

Fundi,

Nilimwambia. Haikusaidia. Ukitaka neno moja, chukua la kwanza.

Sikujua kama yule afande atanichukulia kipaza sauti. Waliniambia ni burudani kwa vijana, hotuba itakuja baada ya sinema, anayetaka abaki, asiyetaka aende kwao. Malori nilijua yapo, sitakudanganya. Nilidhani nitamaliza pale penye bendera kama siku zote na watu watatawanyika.

Na wewe usiniandikie kama mtu aliyeshuka na mvua. Kiwanda chako kimekupeleka huko ujifunze mashine za kushona nini? Nguo za harusi? Mama anajua, mimi najua, mtaa unajua: magwanda ya kambi aliyopelekwa Kitinda yote yanatoka kwenu. Mimi nimempeleka kwa mdomo, haya. Lakini alichovaa ni kazi ya mikono yenu.

Yuko kwenye mazoezi. Nimekwenda mpaka getini, wageni hawaruhusiwi. Mlinzi anasema barua zao zinapita ofisini kwanza, zinakaa huko mpaka mtu apate nafasi ya kuzisoma. Ile sinema nimeacha kuisimulia. Mwenye ukumbi amenuna, anasema namfukuzia wateja.

Redio


Bwenini
Tarehe 2 Julai

Redio,

Telegramu ilinikuta darasani. Mkufunzi alinizimia mashine kwa mkono wake, na kwa mara ya kwanza hakuwa amenuna.

Mwalimu jirani ameniandikia mengine baadaye. Kwamba mwili haukupatikana. Kwamba wameleta mkanda na kofia, na mama ameikataa kofia, anasema ni kubwa, mwanawe hakuwa na kichwa cha namna hiyo, na wale maafande wawili wakabaki wamesimama mlangoni nayo mkononi hawajui waiweke wapi.

Uliniandikia, "Nilimwambia. Haikusaidia." Sikuamini siku ile na leo siamini. Nakujua. Ulimwambia kwa mzaha, unatafuna kitu, ukamaliza na kicheko ili asione kwamba Redio ni mwongo. Ungemwambia kama mtu anayemwambia ndugu yake, angebaki. Yule alikuwa akimeza kila unachosema tangu hajaota meno. Ulichagua, basi. Kati ya mdogo wako na umati wa uwanjani ulichagua umati, na mimi sitakaa nikusaidie kulibeba hilo.

Nimemwandikia mama. Nimemweleza yote. Kwamba pale mtoni ni majina ya wafu, kwamba kuna nusu ya pili, kwamba nilikuandikia tangu Machi umwambie na ukanicheka. Nimemwambia mwanawe ameuawa nyumbani kabla hajafika mpakani. Mwalimu atamsomea.

Nikirudi sitalala nyumba moja na wewe. Na siku ya kisomo cha Kitinda usisimame kusema neno. Umeshasema ya kutosha.

Fundi


Bwenini
Tarehe 30 Julai

Kaka,

Hii imenifikia leo. Ameiandika tarehe ishirini na nane Aprili, lakini muhuri wa posta ni wa mwezi huu. Imekaa ofisini kwao kambini muda wote huo, na alipokwisha kufa ndipo mtu akaona hakuna haja ya kuishikilia tena. Nimekunakilia neno kwa neno. Ile ya mkono wake siwezi kuiachia.

Isome, halafu unijibu kwa nini hukuniambia. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Fundi

*

Kambini, 28 Aprili

Dada Fundi, shikamoo.

Usilie, najua unalia. Mimi safi tu, mashavu yamejaa. Siku ya kwanza walinipa viatu vyote viwili vya mguu wa kushoto, wakaniambia mtafute mwenye vya kulia mbadilishane. Nimemtafuta kambi nzima nikichechemea. Ndiye rafiki yangu sasa, tunalala vitanda vya jirani, anakoroma vibaya sana.

Nina jambo nataka kukuuliza. Siku ile uwanjani, kabla malori hayajaondoka, kaka Redio alinivuta nyuma ya kioo, penye jenereta. Analia, dada. Si kulia kwa kuigiza, kamasi zinamtoka kabisa. Amenishika shati mpaka mfuko ukachanika. Akaniambia pale mtoni hawaitwi mashujaa, yanaitwa majina ya watu waliokufa, na kwamba kuna kanda ya pili, na mpiga ngoma anarudi kwao mama yake hamtambui, anampa maji kama mpita njia. Akasema, "Nilitunga yote. Nakuomba usiende." Anaongea kwa sauti ndogo, jenereta linamfunika, ikabidi nimsogezee sikio.

Mimi nikacheka. Ningefanyaje? Unamjua kaka. Nikamwuliza, hii nayo umeitunga lini? Akaapa. Akasema amelipata kwako, umeiona kwa macho yako huko uliko. Sasa dada, si ndivyo anavyoanza kila simulizi, nimelipata kwa mtu aliyeliona kwa macho yake? Nikamwambia ile ya zamani ni tamu zaidi, rudi kwenye ile. Akaniachia shati. Wenzangu walikuwa wananiita, nikapanda lori.

Lakini tukiwa kwenye gwaride, jua la utosini, wamekusimamisha hivyo hivyo, unapata muda wa kufikiri. Nimemfikiria sana yule mama wa maji. Naona kaka hawezi kutunga kitu kama kile. Pale hakuna mahali pa kupiga makofi. Sasa nimebaki katikati, sijui nishike lipi.

Basi niambie wewe. Umeiona kweli? Wewe hujawahi kunidanganya, hata nikiwa mdogo, hata siku ya sindano uliniambia itauma. Ukisema ni kweli mimi naamini, sitauliza mara mbili. Mwisho wa mwezi wa tano tunakula kiapo. Kabla ya hapo mtu anaruhusiwa kurudisha nguo na kwenda zake. Wanamzomea mpaka getini, basi. Kuzomewa naweza. Niandikie upesi, dada, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Kitinda


Ukumbini
Tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeisoma hapa ukumbini, benchi la mbele, mchana, hakuna mtu. Hapa ndipo ninapolala sasa. Mama aliposomewa ile barua yako aliinuka, akalitoa godoro langu nje, akaliegemeza ukutani, akarudi kukaa. Hakunitukana. Tangu siku hiyo hajanisemesha, nikipita anageuza kiti. Mwalimu jirani ndiye ananiletea habari zake. Sikulaumu, na mama simlaumu.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Nilikuandikia. Niliandika yote, jenereta, machozi, mfuko wa shati ulivyobaki mkononi mwangu, maana ulichanika ukatoka, na ninao. Halafu nikaisoma niliyoandika na mimi mwenyewe sikuiamini. Ilikuwa nzuri mno. Ndugu wawili nyuma ya kioo, mmoja analia, malori yanaunguruma. Nikasema Fundi atasoma hii atasema Redio yuko kazini. Nikaichana, nikaandika upya, ya pili ikawa nzuri kuliko ya kwanza. Nikachana na hiyo. Ndipo nikakuandikia haikusaidia, kwa sababu ndilo neno pekee nililoliona halina utamu.

Alipocheka nilijua nimekwisha. Nimeendesha maisha yangu kwa kuaminika nikisema uongo, na siku moja tu niliyotaka kusema kweli sikuwa na sauti ya kuisemea. Nilijaribu ile yangu mwenyewe, isiyo na kipaza sauti. Kitinda hakuijua, hakuwahi kuisikia.

Kuhusu alilokuuliza wewe: barua hukuipata. Hata ungemwandikia bila kuulizwa, ingekaa kwenye meza ile ile. Najua utaniambia ungeweza kujaribu. Ndiyo, na mimi ningeweza kukuambia ujaribu, nilikuwa nimesimama getini kwao, ningekutumia neno. Halikunijia. Yale ya magwanda niliyasema kwa hasira, yasahau.

Nina ombi, na baada ya hili usinijibu kama hutaki. Mwalimu anasema kila jioni mama anamwomba amsomee barua zako upya, hasa ile inayonitaja mimi. Ameshajua nani amemuulia mtoto, na hilo ndilo linalomwinua kitandani asubuhi. Akisomewa hii ya Kitinda atasikia mwanawe alikuwa radhi kuvua magwanda arudi, na kwamba kwa siku zote zile alikuwa anangoja mstari mmoja kutoka kwako. Hatajali ilikaa meza gani.

Mama amebaki na mtoto mmoja wa kuzungumza naye. Usimsomee. Mwache abaki naye.

Kaka yako